Nimeionja GR20: Njia Inayokuachia Mlima Wote

Naliandika hili miguu ikiwa bado inawaka. Nimeteremka hadi stesheni ya Vizzavona, nimevua viatu, na kabla joto la safari halijanitoka nataka kusema wazi: kwa mtu anayependa kutembea peke yake milimani, sijaona njia inayoifikia GR20. Nilichotembea ni nusu ya kaskazini, ile inayosifika kwa ugumu, na imenijaza furaha ambayo sijui niiweke wapi!

Tuanze na umbo lake. GR20 inakikata kisiwa cha Corsica, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Mediterania, kutoka kijiji cha Calenzana upande wa kaskazini-magharibi hadi kijiji cha Conca upande wa kusini-mashariki. Ni kilomita 180 hivi, zilizogawanywa katika vipande 16, na kila kipande huishia kwenye kibanda cha kulala au kijijini. Ukijumlisha mipando yote unapata zaidi ya mita 10,000 za kwenda juu. Vipande tisa vya kwanza vinakufikisha Vizzavona, katikati ya njia, ambako reli ya kutoka Bastia kwenda Ajaccio inapita. Ukitaka kuishia hapo unapanda treni. Ukitaka kuendelea, kusini kunakungoja.

Sasa sikilizeni hili, hasa nyinyi mliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kibanda cha Mandara, kile cha usiku wa kwanza, kipo takriban mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya juu kabisa ya GR20 haifiki hapo. Inagusa mita 2,600 na kidogo tu! Kwa hiyo hapa hakuna kichwa kuuma kwa hewa nyembamba, wala hakuna "pole pole" ya kusubiri damu izoee kimo. Kinachokupima ni mwamba. Unapanda mita elfu moja asubuhi, unashuka karibu zote mchana, na kesho yake unarudia. Mikono inafanya kazi sawasawa na miguu.

Tofauti kubwa zaidi ni hii: Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Wapagazi wanakubebea, mpishi anakupikia, na mwongozaji anajua lini upumzike. Huo ni utaratibu mzuri, na umelisha familia nyingi Moshi na Marangu. Lakini GR20 inakupa kitu kingine kabisa. Hakuna anayekuuliza uko na nani. Begi ni lako, saa ya kuondoka ni yako, uamuzi wa kuvuka au kungoja ni wako. Kinachokuongoza ni alama za rangi zilizopakwa kwenye mawe, mstari mweupe juu na mwekundu chini, kutoka mwanzo hadi mwisho. Unapanda, unatafuta alama, unaiona, unapanda tena. Baada ya muda macho yanazitambua zenyewe, na hapo ndipo raha inapoanza. Akili inatulia, pumzi inapata mwendo wake, na mlima wote unakuwa mbele yako bila mgongo wa mtu mwingine kuuziba.

Kipande cha kwanza hakina huruma. Calenzana ipo chini ya mita 300, na kibanda cha Ortu di u Piobbu kipo zaidi ya mita 1,500. Unapanda tangu unapoyapa kisogo majumba ya kijiji, jua likiwa mgongoni, bahari ya Calvi ikizidi kuwa ndogo nyuma yako. Nilipenda jambo hilo: njia haikudanganyi. Inakueleza siku ya kwanza itakavyokuwa, na mwenye kuipenda siku hiyo ataipenda yote.

Halafu inakuja Spasimata! Ukitoka kibanda cha Carrozzu unateremka kidogo hadi kwenye daraja la kuning'inia juu ya korongo. Linayumba kila unapotia mguu, na maji yanaonekana chini kupitia nafasi za mbao. Ukishavuka unakutana na mabamba makubwa ya jiwe, laini na yaliyolala mshazari, yakiwa na minyororo ya kushikia pale penye utelezi. Jiwe likiwa kavu, soli ya kiatu inaling'ang'ania vizuri ajabu, na unapanda kwa ujasiri ambao hukujua unao. Likilowa, hapo si mahali pa kujaribu bahati: ngoja kibandani. Mbele zaidi kuna ziwa dogo la Muvrella, kisha upenyo wa juu, kisha mteremko mkali hadi Ascu Stagnu. Kama ningeruhusiwa kumwonyesha mtu kipande kimoja tu cha njia hii, ningempeleka hapa.

Kinachofuata ndicho kipande kikubwa kuliko vyote. Zamani njia ilipita ndani ya bonde la Cirque de la Solitude, kwenye kuta za mwamba zenye minyororo na ngazi. Juni 2015 maporomoko ya mawe yaliua watu saba pale, na njia ikahamishwa. Sasa kutoka Ascu Stagnu unapanda karibu mita 1,200 hadi Pointe des Éboulis, begani mwa Monte Cinto, mlima mrefu kuliko yote Corsica wenye mita 2,706. Mwenye nguvu na hali nzuri ya hewa huacha begi na kwenda kukigusa kilele kabla ya kurudi njiani. Kokoto zinateleza, mawe yanahama chini ya kiatu, na fimbo za kutembelea zinalipa kila senti ya bei yake. Lakini ukifika juu unaona milima imepangana safu baada ya safu, na nyuma yake bahari! Nilisimama pale nikacheka kwa sauti, peke yangu, na sikuona haya yoyote.

Baada ya hapo njia inaanza kukulipa. Kibanda cha Ciottulu di i Mori, karibu mita 2,000, ndicho cha juu kuliko vyote, na kimekaa chini ya milima ya Paglia Orba na Capu Tafunatu, huu wa pili ukiwa na tundu lililotoboka upande hadi upande. Kutoka pale unafuata bonde la mto Golo, mto mrefu kuliko yote kisiwani, wenye vidimbwi vya maji safi ya kuoga kwa mwenye kuvumilia baridi. Kisha msitu wa misonobari mirefu, na ghafla uwanda wa ziwa Ninu: nyasi fupi zilizotandazwa kama zulia lililotobolewa hapa na pale na madimbwi, na farasi wanaolisha wakiwa huru. Ukishakwaruzwa na mwamba kutwa nzima mara kadhaa, kutembea kwenye ardhi laini namna ile ni karamu ya nyayo.

Usijisahau, kwani kutoka kibanda cha Manganu mwamba unarudi. Upenyo wa Capitellu, mita 2,225, unakufungulia maziwa mawili, Melu na Capitellu, yamelala chini yako moja juu ya jingine, meusi kwa kina. Mapema katika msimu theluji hubaki kwenye mikunjo ya kaskazini ya maeneo haya, kwa hiyo anayekwenda Juni aulize kwanza hali ilivyo.

Na vibanda? Hapa ndipo GR20 iliponiteka kabisa! Vingi vinaendeshwa na Hifadhi ya Mazingira ya Mkoa wa Corsica, na wakati wa msimu kila kimoja kina msimamizi wake. Usitarajie anasa. Ni majengo madogo yenye vitanda vya safu na jiko la pamoja. Mara nyingi vyoo vipo nje, na maji ya kuoga huwa ya baridi. Kuna uwanja wa mahema, na kuna mahema yaliyokwisha kusimamishwa ya kukodi, ambayo nayapendekeza, maana kunguni ni tatizo linalojulikana katika vitanda vya njia hii. Lakini fikiria mpangilio wenyewe: mchana kutwa uko peke yako na mwamba, na jioni unakaa meza moja na watu waliovuka upenyo uleule. Mmoja anakuambia chemchemi ya kesho imekauka. Mwingine anakuonyesha kwenye ramani pahali alipopoteza alama. Dengu zinapakuliwa, mkate unakatwa, mtu usiyejua jina lake anakusogezea chumvi. Upweke unakuwa mtamu kwa sababu una mwisho unaoujua, na ule mwisho una taa na chakula cha moto.

Chakula hicho hupandishwa kwa helikopta au kwa nyumbu, kwa hiyo bei ni ya mlimani. Beba fedha taslimu. Jibini la Corsica ni la kusifiwa, hasa brocciu, linalotokana na maji ya maziwa ya kondoo au mbuzi. Wasomaji Waislamu wajue kuwa nyama zilizokaushwa za kisiwa hiki kwa kawaida ni za nguruwe, basi uliza kabla ya kuagiza.

Mambo matatu ya kushika kwa makini. Kwanza, hifadhi nafasi zako kwa intaneti miezi kabla; msimu hujaa, na kupiga hema nje ya maeneo ya vibanda ni marufuku, kama ilivyo kuwasha moto. Pili, ondoka alfajiri. Radi za mchana katika milima hii ni za kweli, na wingu linalokua saa sita si pambo. Uwe umeshavuka upenyo wako. Tatu, kwa kuwa uko peke yako, mwachie msimamizi taarifa ya uendako na kariri namba ya dharura, 112. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, viza ya Schengen ndiyo ya kuanza nayo.

Mwendo wako nao usiwe wa kushindana. Mwaka 2021 Mkosika Lambert Santelli aliikimbia njia yote kwa saa 30 na dakika 25, jambo ambalo baada ya kuuona mwamba ule nalistaajabia maradufu. Sisi wengine njia imetupangia siku nzima kwa kila kipande, na siku hiyo inatosha kuona, kupumua na kula.

Nani aende? Mwenye magoti mazima, asiyeogopa kimo, aliyezoea kubeba begi lake kwa saa nyingi, na anayetaka kujua anaamuaje pasipo mtu wa kumwamulia. Anayetaka matembezi mepesi kuna njia nyingine nzuri kisiwani humohumo. Lakini wewe unayejua hamu ninayoizungumzia, usiahirishe! Fanya mazoezi ya kupanda na begi zito, hifadhi vitanda vyako, anzia Calenzana. Mimi tayari natafuta tarehe za nusu ya kusini, kuanzia hapahapa Vizzavona hadi Conca, na begi nitalibeba mwenyewe.