Nguo ya Aliyevuliwa

Mwaka jana nilinunua vikeka viwili vya mezani pale Maasai Market, vile vya kahawia vya gome la mti. Sikuvitaka vya chai. Nilitaka kujua Michael Armitage hupambana na nini akiwa studio. Nilifika kwa nyumba, nikatoa akriliki zangu, nikaanza kumchora shosho. Rangi ilizama kama maji kwenye mchanga. Brashi ikang'oa nyuzi. Kufika shavu la kushoto, pakaraurika. Nikashona kwa uzi mweusi, mshono ukajikunja, na sasa shosho ana kovu ambalo hajawahi kuwa nalo.

Gome hilo Waganda huliita lubugo. Hutolewa kwenye mti wa mutuba msimu wa mvua, kisha mafundi hulipiga kwa nyundo za mbao, kazi ndefu ya kuchosha, mpaka lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Zamani lilikuwa vazi. Pia ni sanda ya kuzikia wafu. Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa London, alikutana nalo papa hapa Nairobi, kwenye soko la watalii. Sanda imegeuzwa zawadi ya kubeba kwa ndege! Tangu hapo analichorea kwa rangi za mafuta badala ya kanvasi.

Kuna wanaosema ni kiki tu. Ati msanii anayeuza London lazima aweke kitu cha "Kiafrika" chini ya rangi ndio wazungu wavutike. Ukweli usemwe, nami nilikuwa mmoja wao. Michoro yake nilikuwa naiona kwa simu, na kwa simu gome halionekani. Kila kitu kinalainika kama bango la matangazo. Baada ya kushindwa na kikeka, nilirudi kwenye picha zile zile nikazikuza hadi mwisho. Hapo ndipo nikaona mishono, mikunjo na matundu, na rangi inayolazimika kuyazunguka.

Chukua mchoro wake wa 2015, #mydressmychoice. Unakumbuka Novemba 2014: wanaume walimvua mwanamke nguo stejini hapa Nairobi, video ikasambaa, wanawake wakaandamana. Armitage anamchora mwanamke uchi, amelala akitupa mgongo, na upande wa juu miguu ya wanaume imejipanga. Mkao wake unatoka kwa Velázquez wa Uhispania, aliyemchora Venus hivyo hivyo karne ya 17, mwili wa kutazamwa kwa raha zako.

Lakini kumchora uchi si kumvua mara ya pili? Swali hilo limenikaa kooni, na nadhani lingemshinda Armitage kama angetumia kanvasi. Tungebaki na mwili laini na sisi tunaotazama, tukiwa pamoja na wale wenye miguu. Juu ya lubugo, mambo ni tofauti kidogo. Jicho likitaka kuteleza juu ya ngozi, linajikwaa kwenye gome. Na gome lenyewe ni nguo. Mwanamke aliyenyimwa vazi amechorwa juu ya vazi, tena vazi ambalo watu huzikwa nalo kwa heshima. Huo ni usomaji wangu, na haumwondolei Armitage lawama yote: miguu ile bado iko pale, na mwanamke bado hana uso wa kutujibu. Ila kitambaa kinafanya kazi ambayo brashi peke yake haingeweza.

Hofu yangu ni moja. Amelizoea gome kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kitu kigeni ukikizoea kinakuwa sahihi yako, na watu wananunua sahihi. Kwenye mchoro ambao tundu limekaa kama pambo tu, kando, halimsumbui yeyote, mimi napita. Nataka ule ambao tundu limeangukia mahali pabaya, ikabidi mchoraji abadilishe nia.

Shosho nimemtundika ukutani. Kila mgeni anauliza hilo kovu alilipata wapi.