Nyimbo za vijana wa Goma: zinajenga ao zinabomoa?

Mapadri na wakatekista wengi wanauliza swali hili: vijana wa Goma wanaotunga nyimbo za kugombeza wakubwa, tuwafungulie sali ya paroisi ao tuwafukuze? Wamoja wanajibu mbio: ni siasa, ni kelele ya rapu, wafukuzwe. Wengine wanajibu mbio vilevile: ni sauti ya wanyonge, tuwapigie makofi. Majibu yote mawili yana upungufu mumoja: hayakusikiliza nyimbo zenyewe. Tuzipime kwanza, kisha tuhukumu. Na mizani yetu itakuwa Mugunga.

Sababu gani Mugunga? Munaijua kartie ile ya mwisho wa muji, kwenye barabara ya Sake. Tangu 1994 mpaka 1996 ilikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda. Kisha wakaja watu wa inchi yetu wenyewe, waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka juu ya kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert. Watu zaidi ya 10 walikufa, na watoto kati yao. Katika Februari 2025, M23 walipokwisha kukamata Goma, kambi ziliondolewa. Basi, wimbo unaosema juu ya mateso ya Kivu, sharti uweze kuimbwa mbele ya mama aliyelala kule chini ya hema, bila kumudanganya na bila kumuongezea adui.

Namna ya kwanza ni wimbo wa kusifu. Ninyi wote munajua desturi ya libanga: tajiri ao mwana-siasa anatoa makuta, na mwimbaji anatupa jina lake katikati ya wimbo. Desturi hii ina ndugu mukubwa: wakati wa Mobutu, watu walikusanywa kuimba na kucheza juu ya sifa ya Mkubwa na chama chake. Gitare inaweza kulia vizuri sana, sauti zinaweza kupatana. Lakini yule mama wa Mugunga hana makuta ya kununua libanga. Jina lake halitatajwa hata siku moja.

Namna ya pili ni wimbo wa amani. Tangu 2014 Goma ilipata Festival Amani, na hatutaki kuidharau. Kuona vijana wa makabila mbalimbali wanacheza pamoja katika muji wenye kuzungukwa na vita, si kitu kidogo. Lakini tukisikiliza nyimbo nyingi zinazotungwa juu ya amani, tunakuta neno "amani" mara kumi, na hata mara moja hatusikii nani aliyeivunja, wala kwa faida gani. Munganga anayeimba sifa ya afya, na hataki kufungua kidonda, haponyeshi mutu. Nabii Yeremia aliwagombeza watu wa namna hii zamani sana.

Namna ya tatu ni wimbo wa kudai. Hapa sharti tutaje LUCHA, iliyozaliwa Goma katika 2012. Vijana wale hawakuanza na neno la kabila, walianza na maji na kazi. Walikaa chini barabarani, mikono mitupu. Tena hawakuwa peke yao. Kule Dakar, waimbaji wa rapu na waandishi wa magazeti walianzisha Y'en a Marre katika 2011. Kule Ouagadougou, Smockey na Sams'K Le Jah, waimbaji wote wawili, walianzisha Balai Citoyen katika 2013. Tarehe 15 Machi 2015 vijana wa inchi hizi tatu walikutana Kinshasa, pahali paitwapo Eloko Makasi, na polisi wakawakamata. Fred Bauma wa LUCHA alifungwa mpaka Agosti 2016. Serkali ilifahamu mbele yetu kwamba muziki na kudai haki vinaweza kulala nyumba moja.

Wimbo wa namna hii una uzuri wake. Ni mufupi; mumoja anaita, wengi wanaitikia, kama vile babu zetu walivyoimba wakilima. Maneno ni ya sokoni, kila mutu anayafahamu. Anayeitikia anaacha kuwa musikilizaji tu, anakuwa shahidi.

Lakini tuseme vilevile hatari yake. Hasira ni moto: unapika chakula, unachoma nyumba. Delphin Katembo, aliyeitwa Idengo, aliimba kwa ukali juu ya serkali, juu ya MONUSCO, na mwisho juu ya M23. Alionja gereza, tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi mujini Goma. Kumuua mwimbaji ni zambi kubwa, hakuna wimbo unaostahili malipo hayo. Kifo chake kinatushurutisha kumuombolezea. Hakitushurutishi kusifu kila neno kali linaloimbwa katika Kivu. Wimbo unaotaja kosa unaweza kumugeuza mukosaji. Wimbo unaotaja kabila unatafuta tu mutu wa kuuawa kesho, na mutu yule mara nyingi ni kama wale waliolala kambini Mugunga.

Basi, ndugu, kijana akija kuomba sali, tumuulize maulizo matatu. Nani amekulipa? Unataja kosa ao unataja damu? Na wimbo ukiisha, watu watatoka kufanya nini? Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliuawa katika 2007 sababu alikataa rushwa ili chakula kibovu kisiuzwe kwa watu. Wimbo unaomusaidia kijana kusema "hapana" kama hilo, tuufungulie mulango, hata kama ngoma yake inatuchokesha masikio. Na tukae ndani tuusikilize mpaka mwisho.