Walikula nini, na lini?

Mtoto amelala mzima, asubuhi anashuka kitandani miguu imekakamaa. Hana homa, mgongo haumuumi, akili yake ni timamu na mikono inafanya kazi. Akisaidiwa kusimama anatembea kwa vidole, magoti yanasuguana, visigino havifiki chini. Ukimgonga goti kwa kinyundo cha daktari, mguu unaruka kuliko kawaida. Wiki inapita, mwezi unapita: hali haizidi kuwa mbaya, wala miguu haimrudii kama zamani.

Ugonjwa huo ni konzo. Kati ya mwaka 2001 na 2003 ulizuka katika vijiji vya Mbinga, wilaya iliyo kama kilomita 100 kutoka hapa Songea mjini, na pia katika vijiji vya Mtwara. Watafiti waliokwenda huko baadaye, akiwemo Dk. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Ukiisoma ripoti hiyo unaona kazi imekwenda moja kwa moja: wakahesabu wagonjwa, wakapima unga wa muhogo, wakapima mkojo wa watoto wa shule, wakafundisha akina mama namna ya kuuondolea unga sumu. Hawakuhangaika kutafuta kirusi wala kumtenga mgonjwa yeyote.

Wepesi huo haukuja bure. Ugonjwa unaolemaza watu kijiji kizima, ukiwapata zaidi wanawake na watoto na kuwaacha wanaume, unaweza kuwa na maelezo mengi: maambukizi, kurithi, sumu, upungufu wa lishe, na kwa majirani wengi, mkono wa mtu. Katika karne iliyopita dunia iliupata mtihani huo mara kadhaa. Majibu yalitofautiana sana, lakini kila mara njia ilipitia jikoni.

Tuanze mbali, Papua Guinea Mpya. Mwaka 1957 madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliandika habari za kuru, ugonjwa uliokuwa ukiwaua Wafore wa milimani. Nao ulianzia miguuni, mgonjwa akaanza kuyumba. Lakini kuru haikusimama. Mwili ulitetemeka, sauti ikapotea, na kwa kawaida mgonjwa hakuumaliza mwaka mwingine. Kwa kuwa ulifuata koo, dhana ya kwanza yenye nguvu ilikuwa urithi.

Dhana hiyo ilivunjwa na mazungumzo kabla maabara haijasema neno. Kuanzia mwaka 1961 wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walikaa na wazee wakiwauliza nani aliugua, mwaka gani, na nani alihudhuria msiba wake. Wazee waliukumbuka wakati ambapo kuru haikuwepo. Ugonjwa wa kurithi unaoua haraka namna hiyo hauwezi kuenea katika kabila zima ndani ya maisha ya mzee mmoja. Mazungumzo hayohayo yalionyesha kwamba katika maziko ya kimila wanawake na watoto ndio waliokula ubongo wa marehemu, kama sehemu ya kumheshimu. Mila hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950, na hapo kalenda ikatoa ushahidi ambao mimi nauona mzito kuliko wote: watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuugua. Kila mwaka umri wa mgonjwa mdogo kuliko wote ulipanda.

Upande wa wanyama uliingia kwa bahati. William Hadlow, daktari wa mifugo Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, aliona picha za ubongo wa wagonjwa wa kuru kwenye maonyesho London, akazitambua: matundu yaleyale aliyokuwa akiyaona kwenye ubongo wa kondoo wenye ugonjwa wa skrepi. Mwaka 1959 akaandika barua kwa jarida la Lancet akishauri wanyama wa maabara wa jamii ya nyani wadungwe tishu za wagonjwa, kisha wasubiriwe. Neno la maana hapo ni kusubiri. Sokwe waliodungwa mwaka 1963 waliugua mwaka 1965. Mtafiti ambaye angefunga daftari baada ya miezi sita angeandika kwamba kuru haiambukizi. Baadaye, mwaka 1982, Stanley Prusiner alikitaja chanzo chenyewe kuwa prioni: protini ya mwili iliyokunjamana vibaya, ambayo ikikutana na protini nzima ya aina yake huilazimisha nayo ikunjamane. Haina vinasaba, na moto wa jikoni hauimalizi.

Skrepi yenyewe iliwahi kufika kwetu. Katika miaka ya 1960 ilikutwa Kenya kwa kondoo wa aina ya Hampshire Down walioletwa kutoka Uingereza. Lakini kwa mchambuzi wa mbinu, kisa kitamu zaidi ni cha Oman. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, nao wa prioni, ulipothibitishwa Uingereza mwaka 1986, John Wilesmith na wenzake walizunguka mashambani wakiuliza kila kitu: dawa, chanjo, madume, ng'ombe walionunuliwa nje. Hakuna kilichoyaunganisha mashamba yote isipokuwa chakula cha kununua chenye unga wa nyama na mifupa. Kuwalisha ng'ombe unga huo kulipigwa marufuku mwezi Julai 1988. Bado mtu angeweza kubisha, akasema labda ni hewa ya Uingereza, au udongo, au dawa zinazonyunyiziwa huko. Mwaka 1989 ng'ombe wawili waliugua Oman, nchi ya joto na mchanga isiyofanana na Uingereza kwa lolote. Wote wawili walikuwa wameletwa kutoka Uingereza. Hawakuugulia pale walipoambukizwa. Walisafiri na ugonjwa mwilini, kutokana na chakula walichokula miaka kadhaa nyuma. Hakuna aliyeupanga huo kama utafiti, lakini ng'ombe hao wawili walitenganisha mahali na mlo vizuri kuliko jaribio lolote ambalo ungeweza kuliombea fedha. Hata wanyama wa jamii zinazopatikana porini kwetu, tandala, pofu na duma, waliugua katika bustani za wanyama za Uingereza. Mwezi Machi 1996 serikali ya nchi hiyo ikakiri kwamba aina mpya ya ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob kwa binadamu huenda ilitokana na ng'ombe hao.

Sasa turudi karibu na nyumbani, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu walianza kupooza miguu ghafla. Daktari kijana Mswidi, Hans Rosling, alikuwa akifanya kazi Nacala, na ugonjwa huo hakuukuta katika kitabu chochote alichokuwa nacho. Kiongozi wa mji akamuuliza kama waweke kizuizi barabarani, mabasi kutoka kaskazini yasiingie. Rosling akakubali. Akina mama waliozoea kwenda sokoni kwa basi wakakuta njia imefungwa, wakawaomba wavuvi wawavushe kwa mtumbwi. Mtumbwi ukapinduka. Akina mama, watoto na wavuvi wakafa maji. Rosling aliisimulia habari hiyo mwenyewe miaka mingi baadaye, bila kujitetea.

Sidhani inafaa kumlaumu kwa kuogopa maambukizi. Hatari ilikuwa kuifanya hofu kuwa amri kabla ya kuuliza maswali mawili ambayo hayana gharama. La kwanza ni la saa: ugonjwa unaanzaje, na unaendeleaje? Wanaopooza kwa konzo hupooza ndani ya siku moja au mbili, kisha hali inatulia hapohapo. La pili ni la mlo. Rosling, Julie Cliff na wenzao walipofanya hesabu kamili walipata wagonjwa 1,102, na ramani ya ugonjwa haikufuata barabara wala mabasi. Ilifuata ukame na muhogo mchungu. Watoto wa kunyonya, ambao kirusi kisingewaonea haya, walikuwa wazima.

Hapa kwetu ushahidi ulikazwa Tarime, mkoani Mara, baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1980. William Howlett, Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Mlingi na Rosling walichapisha uchunguzi wao mwaka 1990. Walipima damu kutafuta kirusi cha HTLV-I, kinachojulikana kusababisha kupooza kwa namna inayofanana, na hawakukikuta. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba huu ni ugonjwa uleule ambao Giovanni Trolli aliuandika Kongo mwaka 1938.

Kwa nini muhogo, chakula ambacho watu wengi wa kusini wanakula bila kudhurika? Ndani ya muhogo mchungu kuna linamarini, kemikali inayobeba sayanaidi. Kuna pia kimeng'enya kinachoivunja. Mmea umeviweka mbalimbali, na vinakutana tu mzizi unapopondwa au kutafunwa. Ndiyo maana nguruwe pori na nyani huuheshimu, na ndiyo maana mkulima haachi kuupanda hata ukimpelekea mbegu tamu. Ukiloweka muhogo siku tatu, kuta za seli zinalainika, vitu hivyo viwili vinakutana, sayanaidi inatoka kama gesi. Ukianika makopa tu, seli zinakauka kazi ikiwa haijakamilika, na sumu nyingi inabaki ndani ikisubiri.

Watafiti wakiwa na Mlingi walieleza kilichotokea Masasi mwishoni mwa miaka ya 1980, njaa ilipobana. Watu hawakuwa na siku za kusubiri. Muhogo ulimenywa, ukapondwa na kuanikwa, ukapondwa tena na kuanikwa tena, ukawa ugali siku ileile. Unga huo wa haraka unaitwa chinyanya. Waliokula walitapika na kushikwa na kizunguzungu. Hakuna mama aliyesahau mapishi aliyofundishwa na bibi yake. Njaa ndiyo iliyomnyima muda. Mwili nao una njia ya kujisafisha: huigeuza sayanaidi kuwa thayosayaneti na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayopatikana kwenye samaki, nyama na maharage. Wakati wa ukame sumu ndani ya mzizi huongezeka, usindikaji hufupishwa, na mboga ya kusindikiza ugali hupungua. Mambo hayo matatu hukutana katika sahani moja, mara nyingi ya mwanamke na ya mtoto.

Kinga iliyofundishwa katika vijiji vya kusini inatokana na kazi ya Howard Bradbury wa Australia, na sijaona mbinu ya afya ya jamii iliyo rahisi kuishinda. Unga unawekwa kwenye bakuli, unasawazishwa, na kina chake kinawekewa alama ndani ya bakuli. Maji yanaongezwa huku ukikoroga. Mwanzoni unga unashuka, kisha unapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Unautandaza kwenye mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha unasonga ugali siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilikuwa bado kimo ndani ya unga mkavu, kilichokosekana ni maji tu. Kipimo nacho hakina makuu: kikaratasi cha njano cha pikreti kinafungiwa kwenye chupa pamoja na unga na maji, na kadiri sayanaidi inavyokuwa nyingi ndivyo kinavyogeuka kuelekea kahawia. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo.

Kasoro ninayoiona iko kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1996 vigezo vya konzo, na vyote vinatazama mwendo: miguu yote miwili kukakamaa kwa mtu aliyekuwa mzima, chini ya wiki moja, bila kuzidi, magoti au vifundo vikiruka kupita kiasi. Kisha mgonjwa anapangwa: anayetembea bila fimbo, anayehitaji fimbo moja au mbili, asiyeweza kutembea. Vigezo hivyo vinafaa kumtofautisha mgonjwa wa konzo na wa polio au kifua kikuu cha mgongo. Lakini vinatuacha na swali la nyumba moja, chungu kimoja, ugali uleule: kwa nini dada amepooza na kaka yake anakimbia? Sayansi haijakubaliana ni kemikali ipi hasa inayoumiza neva, sayanaidi yenyewe au mojawapo ya mazao yake.

Na huyo kaka anayekimbia, je, ni mzima? Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao waliwapima watoto wa Kahemba, Kongo, wakachapisha mwaka 2013. Hawakuishia kwenye miguu. Walipima kumbukumbu, uwezo wa kujifunza na wepesi wa vidole. Watoto wasio na konzo kutoka eneo lilelile walionyesha nao alama chini ya wenzao wa kijiji kisichoathirika. Hesabu inayofuata vigezo vya mwendo haiwezi kuwaona watoto wa namna hiyo. Vipimo kama vile vya Kahemba vingefaa kufanyiwa waliokuwa wanaanza shule Mbinga na Mtwara mwaka 2002. Sasa ni watu wazima, wengi wana watoto, na wangeweza kupimwa pamoja na unga unaopikwa leo majumbani mwao.