Katiba Haisikilizi Redio

Huwa naisoma Katiba ya 2010 kama ninavyosoma riwaya, nikiuliza mtunzi anaogopa nini. (Sheria sikusomea, chuo chenyewe niliacha njiani.) Jibu halijifichi. Aliyeiandika alikuwa amesikia redio za 2007.

Sisi wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa. Kiambaa, kanisa lilipochomwa na watu ndani Januari 1, 2008, si mbali na mjini. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa nchini 1,133, na mashahidi wakazilalamikia stesheni za lugha za mama: Kass FM, Kameme, Inooro, Coro. Mtangazaji wa Kass, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague pamoja na William Ruto. Kesi ikakatizwa Aprili 2016, bila kutiwa hatiani wala kutangazwa kuwa hawana hatia.

Ndiyo maana naipenda ibara ya 33. Kwa Wamarekani tulichukua mengi: Seneti, magavana, mawaziri wasio wabunge. Lakini kwao hata maneno ya chuki hulindwa kwa kiasi kikubwa. Watunzi wetu wakakataa hilo. Chuki, uchochezi wa fujo na propaganda ya vita vikatolewa nje ya uhuru wa kusema. Hiyo ni sentensi inayojua imeandikiwa wapi.

Halafu unafika 34(4), na kalamu inateleza. Inadai vyombo vya habari visipendelee upande, vitoe nafasi kwa maoni tofauti na ya wapinzani. Vyombo vya serikali tu! Hebu panda matatu ya Langas saa moja asubuhi, uniambie dereva gani amefungulia KBC. Vya watu binafsi vikaachiwa sheria za chini na Baraza la Vyombo vya Habari. Marekani walikuwa na kanuni ya usawa hata kwa redio za watu binafsi. Wakaifuta 1987, na mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima. Sisi tuliandika Katiba miaka ishirini na kitu baadaye, mfano huo ukiwa wazi mbele yetu, na bado tukaruka.

Ibara ya 33 hukamata neno. Januari 2022 Mithika Linturi, seneta wa Meru, alikamatwa baada ya kutamka "madoadoa" hapa hapa Eldoret, neno ambalo Bonde la Ufa linajua lilitumika kufukuza watu. Sawa. Lakini mtangazaji hodari hahitaji kulitamka. Anapokea simu kumi za upande mmoja, anasema "watu wetu" mara ishirini, anacheka panapofaa. Utamshtaki kwa kicheko?

Na serikali inapoingilia, haiji na sikio, inakuja na swichi. Januari 30, 2018, Raila akijiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zikazimwa. Mahakama ikaamuru zifunguliwe, ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikapiga marufuku kuonyesha maandamano mubashara, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Hakuna aliyekuwa akichochea kabila lolote. Kamera zilikuwa zinaonyesha barabara tu.

Kabla ya Agosti 2027 ningetaka mtu akae na Kikalenjin, Kikuyu na Kijaluo cha redioni, ahesabu nani alipewa simu na nani alikatwa, kisha atuchapishie, stesheni kwa stesheni.