Mkoba na Dharau

Duka ni mahali pa mizani. Bidhaa hupimwa, fedha huhesabiwa, na kila upande huangalia usipunjike. Lakini katika maduka ya vitu vya fahari mna mizani nyingine isiyowekwa juu ya meza, nayo ni mizani ya macho. Kabla mshitiri hajafungua kinywa, muuzaji amekwisha kumtazama viatu, nguo, rangi ya ngozi na mwendo wake, akamkatia thamani. Mizani hii haikaguliwi na serikali, wala mawe yake hayapigwi muhuri. Kwa hiyo udanganyifu wake ni mgumu kushitakiwa. Insha hii yataka kuichunguza kwa mfano wa kitu kimoja kidogo, mkoba wa mwanamke, ambacho kimewatoa watu adabu katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani.

Katika mwaka 2013 Bibi Oprah Winfrey, Mmarekani mweusi aliyejulikana ulimwenguni kwa vipindi vyake vya televisheni na kwa utajiri wake, alikwenda Uswisi kwa ajili ya arusi ya mwimbaji Tina Turner. Katika mji wa Zürich aliingia duka moja la fahari, akaona mkoba wa ngozi ya mamba, akaomba aonyeshwe. Bei ya mkoba ule ilikuwa faranga 35,000 za Uswisi. Kwa maelezo aliyoyatoa katika televisheni mwezi wa Agosti mwaka ule, muuzaji alimjibu kuwa mkoba ule ulikuwa ghali mno kwake, akamwonyesha mingine ya bei nafuu. Aliomba tena, akajibiwa vile vile, akashukuru, akatoka.

Habari ilipoenea, ofisi ya utalii ya Uswisi iliomba radhi. Mwenye duka alisema kuwa palitokea kutoelewana: muuzaji alitaka tu kumweleza mgeni kwamba mkoba wa namna ile ulipatikana pia kwa ngozi nyingine zenye bei ndogo. Muuzaji mwenyewe, katika gazeti moja la Uswisi, alikana kuwa alitamka maneno aliyobandikwa. Baadaye Bibi Winfrey alisema kuwa alisikitika kuona jambo lile limekuzwa kiasi hicho.

Sisi hatukuwapo, na mhakiki mwadilifu hana ruhusa ya kuapa kwa upande mmoja. Hata hivyo, si lazima tujue nani alitamka neno gani ndipo tulione kosa. Na tuyachukue maelezo ya mwenye duka kuwa ndiyo ya kweli. Mgeni aliomba kuona kitu kimoja, akatajiwa kingine kilicho rahisi zaidi. Hakuwa amelalamika juu ya bei, wala hakusema kuwa fedha zimempungukia. Wema upimao mfuko wa mtu kabla hajauliza ni wema wa ajabu. Mtu akiomba maji ya kunywa katika nyumba, akaelekezwa njia ya mtoni, hajatukanwa kwa kinywa, lakini amekwisha kuonyeshwa nafasi yake katika nyumba ile.

Liko na kosa la pili, nalo halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la wengi wetu tulioisoma habari ile. Watu walicheka wakisema, “Maskini muuzaji yule, hakumjua aliyesimama mbele yake!” Maneno hayo yana sumu ndani yake. Yasema kwamba dhambi ya muuzaji ilikuwa kukosea hesabu: alimdhani tajiri kuwa maskini. Kama ni hivyo, basi lau mgeni yule angalikuwa muuguzi wa hospitali au mwalimu wa shule ya msingi, dharau ingalikuwa halali, na hakuna gazeti ambalo lingaliandika hata mstari mmoja. Malalamiko ya haki hayahitaji utajiri wa mlalamikaji. Yatosha kusema kwamba binadamu aliomba kwa adabu kuona kitu kilichowekwa ili kionwe, naye asionyeshwe.

Kosa hili la pili limeenea hata katika sanaa. Filamu ya Marekani iitwayo Pretty Woman, iliyotengenezwa na Garry Marshall mwaka 1990, ina sehemu ipendwayo sana na watazamaji. Msichana maskini wa mitaani, anayeigizwa na Julia Roberts, amepewa fedha na tajiri mmoja ili anunue nguo. Aingia duka katika barabara ya Rodeo Drive, huko Beverly Hills, nao wauzaji wamtazama mavazi yake, wamkatalia huduma na kumwambia atoke. Siku ya pili arudi hali amevaa vizuri, mikono imejaa vifurushi vya maduka mengine, awaonyeshe faida waliyoipoteza. Watazamaji hushangilia.

Kwa nini wanashangilia? Kwa sababu aliyeonewa amelipiza. Lakini tuangalie amelipiza kwa silaha gani. Hakuwaambia wauzaji wale kwamba mizani yao ni ya uongo. Aliipanda tena mizani ile ile akiwa mzito zaidi. Jana alikuwa si kitu kwa kuwa hakuwa na vifurushi. Leo ni mtu kwa kuwa anavyo. Wauzaji hawakujifunza kuheshimu watu, bali walijifunza kuwatazama kwa makini zaidi kabla ya kuwadharau. Kwa hiyo, ijapokuwa sehemu ile inafurahisha, mafundisho yake ni mabovu.

Katika filamu hiyo hiyo mna mtu mwingine asiyeshangiliwa sana, naye ni meneja wa hoteli. Huyu alimwona msichana yule katika mavazi yale yale yaliyomfukuzisha dukani. Alimwuliza maswali makali yaliyohusu kazi yake na kanuni za hoteli, kisha akasikiliza shida yake, akampigia simu mwanamke muuzaji wa duka jingine, ambaye alimpokea kwa upole. Hapo ndipo filamu inapogusa ukweli. Meneja hakujua kama msichana yule atakuwa mteja wa kesho. Alimsaidia kwa kuwa alikuwa mbele yake na alikuwa na haja. Lau watazamaji wangalimshangilia meneja huyu kama walivyoshangilia vifurushi, filamu ingalikuwa imetenda kazi njema zaidi.

Sasa msomaji aweza kuuliza: ikiwa dharau hufukuza wateja, kwa nini maduka haya hayafilisiki? Swali hili ni zuri, na jibu lake latia uchungu. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa tabia za wanunuzi, Morgan Ward wa Marekani na Darren Dahl wa Canada, walitangaza uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu atamaniye kuhesabiwa katika kundi la wenye vitu vya fahari, akidharauliwa na muuzaji wa duka la namna hiyo, mara nyingi huzidi kukitamani kitu alichonyimwa. Katika maduka ya kawaida dharau haikuleta matokeo hayo. Tena hata katika maduka ya fahari tamaa ile ilipungua siku zilipopita. Maana yake ni kwamba dharau ni kama chumvi: humtia mtu kiu ya haraka, lakini haimshibishi.

Wahenga walisema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Mchuuzi wa sokoni amwitaye kila apitaye huonekana kama mwenye shida, na muuzaji anyamazaye huonekana kama mwenye hazina. Maduka ya fahari yameigeuza methali hii kuwa hila. Yameona kwamba kitu kikifichwa watu hudhani ni kizuri, na mlango ukiwa mgumu kufunguka watu hudhani ndani mna pepo.

Mfano mkubwa ni mkoba uitwao Birkin, wa kampuni ya Hermès ya Paris. Kampuni hiyo ilianzishwa na Thierry Hermès mwaka 1837, nayo ilikuwa karakana ya hatamu na mikanda ya farasi. Hata leo mafundi wake hushona ngozi kwa mkono, kwa uzi mmoja na sindano mbili, kama walivyoshona watengeneza matandiko. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ufundi huo unastahili sifa, na anayeulipia bei kubwa si lazima awe mjinga. Mkoba wenyewe ulianza kutengenezwa mwaka 1984, baada ya mwigizaji Jane Birkin kukaa karibu na mkuu wa kampuni, Jean-Louis Dumas, katika ndege itokayo Paris kwenda London. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kubeba kikapu kilichosukwa, na vitu vyake vilimwagika ndegeni. Ndipo mazungumzo ya mkoba unaofaa yalipoanza. Ni jambo la kuchekesha kwamba mkoba unaoleta majivuno makubwa hivi ulizaliwa kwa shida ya mwanamke mwenye kikapu. Mwezi wa Julai mwaka 2025 mkoba wa kwanza wa jina hilo, uliokuwa wake mwenyewe, uliuzwa mnadani Paris kwa euro milioni 8.6.

Mkoba wa Birkin hauchukuliwi tu rafuni na kila aliye na fedha. Mwezi wa Machi mwaka 2024 wanunuzi fulani walifungua mashitaka katika mahakama ya California, wakidai kwamba mtu hulazimika kwanza kununua viatu, mitandio na vitu vingine vya kampuni ndipo afikiriwe kustahili mkoba. Mwaka 2025 hakimu aliyatupilia mbali mashitaka hayo, kwa kuwa hayakuthibitisha kuvunjwa kwa sheria ya ushindani wa biashara. Hatuna ugomvi na hukumu hiyo. Lakini hebu tuitazame hali yenyewe. Desturi ya kale ni muuzaji kumbembeleza mnunuzi. Hapa mnunuzi humbembeleza muuzaji, humletea tabasamu, hujipendekeza, na huhesabu siku. Mwenye fedha amegeuka kuwa mwombaji, na anayeuza amegeuka kuwa mtoa sadaka. Lisilo kosa mbele ya sheria laweza kuwa aibu mbele ya utu.

Haki yataka tumsikilize muuzaji pia. Yeye si mwenye duka. Ni mtu wa mshahara, naye hulinda vitu ambavyo kimoja tu chaweza kuzidi mapato yake ya miezi mingi. Wezi huja wakiwa wamevaa vizuri, na wako waingiao ili kugusagusa tu na kupoteza wakati. Pengine amefundishwa na wakubwa wake kuukaza uso kama anavyofundishwa kukunja karatasi. Haya yote ni kweli, na kwa hiyo lawama kubwa si yake peke yake. Hata hivyo, hadhari si dharau. Mlinzi aweza kuangalia mikono ya mtu bila ya kumtukana kwa macho. Kusema “mkoba huu umekwisha wekewa mtu” au “hatuna mwingine kwa leo” ni kukataa kwa heshima. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba muuzaji huyo, ambaye hawezi kuununua mkoba anaouza, hujiazima ukubwa wa mkoba ule ili amdharau mtu ambaye hali yake ni sawa na yake. Jioni duka likifungwa, mkoba hubaki kabatini, naye hurudi kwake na ukubwa wa kuazima umekwisha.

Wala isidhaniwe kuwa biashara kubwa haiwezi kusitawi kwa adabu. Katika mji ule ule wa Paris, mwaka 1852, Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché. Alisitawisha desturi ambazo leo twaziona za kawaida: bei iliyoandikwa wazi, ruhusa ya kuingia na kutazama bila ya kulazimika kununua, na ruhusa ya kurudisha kitu kisichopendeza. Hakufanya hivyo kwa ajili ya sadaka. Alitaka faida, naye aliipata kwa wingi. Bei iliyoandikwa ni adabu kubwa kuliko tulivyozoea kufikiri, maana husema neno moja kwa tajiri na kwa maskini, nayo humwachia kila mmoja kupima mfuko wake mwenyewe. Duka hilo lingali wazi hata leo, na tangu mwaka 1984 liko katika mikono ya mabwana wa kundi la LVMH, ambalo pia lina mikoba ya Louis Vuitton.

Ninyi mnaosoma insha hii hamjaanza kazi bado. Wengine wenu mtasimama nyuma ya meza ya duka, ya benki, ya zahanati au ya ofisi ya serikali, na wengine mtasimama mbele yake. Aghlabu kila mmoja atasimama pande zote mbili kwa zamu. Siku mtakapokuwa nyuma ya meza, mwonyesheni mtu alichoomba kukiona, hata kama viatu vyake vina vumbi. Siku mtakapokuwa mbele ya meza mkadharauliwa, msikimbilie kununua ili kuthibitisha kwamba ninyi ni watu. Semeni kwa upole mlichokuja kutaka, mkinyimwa, tokeni. Mwenye kununua kwa hasira humlipa aliyemtukana, kisha huubeba mkoba mzuri hadi nyumbani ukiwa na risiti ya tusi ndani yake.