Jeshi Bila Wapagazi

Kazi ninayoihakiki safari hii si kitabu wala si filamu. Ni jeshi. Lote linaingia kwenye sanduku la viatu, na kila askari wake ana urefu wa milimita 28, karibu sawa na pingili ya mwisho ya kidole gumba. Mwenye jeshi ni mfanyakazi wa misaada anayeishi hapa Gitega. Amekubali niandike, na amekubali pia kwamba sitamsifu bure. Jina lake naliacha, maana hoja yangu haimhusu yeye peke yake. Inahusu mchezo wenyewe, na sisi tunaotoka katika historia ambayo mchezo huu unaichezea.

Najua wenzangu kambini watauliza: mtu mzima anacheza na wanasesere? Ndiyo, anacheza, na wenzake ni wengi. Huko Prussia, tangu mwaka 1824, maofisa walifundishwa vita kwa mchezo wa mezani wenye ramani na dadu. Mwaka 1893 kampuni ya Britains ya Uingereza ilianza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na nyumba nyingi za Wazungu zikajaa majeshi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni za kupigana na askari hao sakafuni. Aliona heri vita vidogo vya sebuleni kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja, na vilifika mpaka hapa tulipo.

Siku hizi mchezaji wa vita vya kihistoria anachagua vita vyake, ananunua askari wa chuma au plastiki wasio na rangi, anawapaka mwenyewe, kisha anawapanga mezani na kupigana na mwenzake kwa rula na dadu. Fahari yao ni ukweli. Ukipaka kitambaa cha mguuni rangi isiyokuwepo mwaka ule, utasahihishwa. Kifungo kikikosewa, utasahihishwa. Kwa kuwa wenyewe wanajipima kwa ukweli, na mimi nitawapima kwa ukweli huohuo.

Nianze na sifa, maana zipo. Jeshi hili ni la vita vya 1914–1918 vya Afrika Mashariki. Upande mmoja kuna askari wa Wajerumani, mavazi ya kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa kinachoshuka mpaka shingoni. Upande wa pili kuna askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Namna ya kuwapaka ni ya subira. Kwanza rangi nyeusi mwili mzima. Juu yake rangi ya msingi. Halafu rangi nyepesi kama maji ya chai, inayotiririka na kukaa kwenye mikunjo ya nguo. Mwisho ncha ya brashi inagusa sehemu zinazopata mwanga: bega, pua, goti. Askari mmoja anaweza kula saa mbili.

Kilichonifurahisha zaidi ni ngozi. Katika michezo hii ya Ulaya, "rangi ya ngozi" kwa miaka mingi ilikuwa na maana moja. Kikopo namba 61 cha Humbrol kimeandikwa hivyo, ngozi, na ndani yake kuna rangi ya mtu mweupe. Ndugu yetu hakuchukua njia ya mkato ya kuwapaka wote kahawia moja. Alichanganya mwenyewe: mmoja mweusi wa kuelekea bluu, mwingine mwekundu kidogo kama udongo wa hapa Gitega, mwingine wa kati. Ukiwatazama unaona watu. Hilo si jambo dogo, na nimemwambia.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1912, enzi hizo wakiandika Kitega. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Tombeur liliingia kutoka Kongo. Kigali ilichukuliwa mwezi wa 5, na katikati ya mwezi wa 6 Rwanda na Burundi zote zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Tarehe 19 mwezi wa 9 wakaingia Tabora. Msomaji wangu Mkongomani, tulia kidogo hapo. Wababu zetu walishafika katika nchi hii kabla yetu. Walikuja na bunduki, sisi tumekuja na shitingi na karatasi ya kujiandikisha. Lakini swali langu ni hili: walikuja na nini kingine?

Mezani jioni ile tulicheza kuchukuliwa kwa Kitega. Niliwahesabu: askari 40 wa Force Publique, Wajerumani 25 na askari wao, bombomu mbili, na wapagazi wanne. Wanne! Walikuwa wamewekwa nyuma kabisa, pembeni, karibu na kikombe cha kahawa.

Tombeur alikuwa na askari wapatao 15,000. Wapagazi waliolibebea jeshi lile, mwanahistoria John Reader anawakadiria kuwa 260,000. Si wote kwa siku moja, kweli. Walipokezana, walikimbia, walikufa, wakakamatwa wengine. Lakini gawanya mwenyewe: ni watu 17 wa kubeba kwa kila mtu mmoja wa kupiga. Kwa hesabu hiyo askari 40 wa mezani walihitaji wapagazi 680. Kwa hiyo mtu aliyetumia saa nzima kuuliza rangi ya kitambaa cha mguuni amekosea kwa watu mia sita na zaidi, na hakuna mwenzake wa kumsahihisha.

Kwa nini walikuwa wengi vile? Hapa mtu wa kambini ataelewa upesi kuliko profesa, kwa sababu sisi tunajua kilo. Ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kamioni hazikuwa na barabara, basi mzigo ulikwenda kichwani. Chukua mpagazi mmoja mwenye kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20. Askari aliye mbele amepata kilo tano. Ukitaka kuwalisha askari wako zaidi, unaongeza wapagazi, na wapagazi nao wanakula. Wakubwa walipunguza wapi? Walipunguza kwa mpagazi. Ndiyo maana waliokufa wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa mapafu, kwa njaa wakiwa wamebeba chakula. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakaribia laki moja.

Hivyo ndivyo vita vilivyokuwa. Risasi zilipigwa, ndiyo, lakini hapa Burundi Wajerumani walizidiwa idadi na kurudi nyuma. Kilichoamua ni nani anaweza kutembea na nani analishwa. Mchezo wetu wa mezani ulikuwa na kanuni za kupiga, kukimbilia, kuogopa na kupona. Kanuni ya kula haikuwepo. Tuliwasukuma askari kwa rula, sentimita 15 kila zamu, kama watu wasio na tumbo.

Mwenye jeshi alijibu, na jibu lake ni la haki kulisikiliza. Kwanza, mchezo ni mchezo, na hakuna mtu atakayepaka wapagazi 680. Pili, mpagazi hana kazi ya kuvutia brashi: hana kifungo, hana beji, ana kitambaa kiunoni na mzigo. Tatu, yeye hakuanzisha desturi hii. Ameikuta.

La tatu ni kweli. Michezo ya vita vya Afrika inauzwa Ulaya kwa jina la Darkest Africa, yaani Afrika ya giza totoro, jina lililotoka kwenye kitabu cha Stanley cha mwaka 1890. Safari ile ya Stanley ilibebwa na mamia ya wapagazi kutoka Unguja, na wengi hawakurudi kwao. Kitabu kikabaki na jina la Stanley, na mchezo ukarithi jina la kitabu. Desturi inakwenda hivyo, kila mmoja ameikuta. Basi lazima mmoja aikatae.

Kuhusu uzuri, mimi sikubali kwamba mpagazi ni mbaya kwa brashi. Nenda katazame shingo ya mtu aliyebeba bidoni la lita 20 akipanda kilima. Ile misuli miwili inavyosimama, mkono mmoja juu, macho yakitazama hatua mbili mbele. Msanii anayesema hapo hakuna cha kupaka hajatazama.

Na wapo waliotazama. James Alexander Stevenson, mchongaji Mwingereza, alitengeneza sanamu za shaba za kukumbuka vita hivyohivyo. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni askari peke yake, bayoneti imeelekea bandarini. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi asiye na bunduki. Mkono uleule, vita vilevile. Kwa macho yangu ya Nairobi ndiyo kazi kubwa zaidi, kwa sababu askari pale anajulikana amesimama kwa msaada wa nani. Dar es Salaam nayo imewakumbuka wapagazi bila kukusudia: Kariakoo, soko analolijua kila mtu, jina lake linatokana na kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps. Watu wameushika mdomoni ukumbusho ambao shaba iliuacha.

Sasa niende Muyinga, maana bila Muyinga nisingeandika haya. Kambini kule watoto wa kiume wanafinyanga askari kwa udongo. Hawana rangi wala rula. Wanawakausha juani na kuwapanganisha nyuma ya nyumba. Jambo hilo limeleta maneno. Wafanyakazi wa mahali pa vijana wana wasiwasi, na si wasiwasi wa ofisini tu. Wazazi wengi hapa wana mtoto au mdogo wao aliyechukuliwa na watu wenye silaha. Mama mmoja alisema mbele yetu: "Miye bunduki nilishaiona ya kweli. Ya udongo ya nini tena?" Hakuna aliyemjibu, na mimi pia sikujibu. Pendekezo lililopo ni kwamba askari wa udongo wapigwe marufuku, zibaki ng'ombe na kamioni.

Kabla ya uamuzi, nilikwenda kutazama kazi zenyewe kama mhakiki anavyopaswa. Nilikuta mstari mmoja mrefu, kazi ya watoto watatu hivi. Mbele kulikuwa na askari saba, bunduki zao vijiti vya kiberiti. Nyuma ya askari kulikuwa na watu zaidi ya ishirini. Mama mwenye godoro kichwani. Mzee na fimbo. Mtoto mgongoni mwa mtoto mwingine. Mmoja amebeba kuku. Nikauliza, "Hawa ni nani?" Kadogo mmoja akanishangaa: "Mwalimu, si ni watu?" Nikauliza wanakwenda wapi. Akasema, "Bado hatujajua."

Kwa kipimo cha wachezaji wenyewe, kipimo cha ukweli, mstari ule wa Muyinga unalishinda sanduku la Gitega. Mikono imekatika, vichwa vikubwa kuliko miili, lakini idadi ni ya kweli. Mtoto aliyetembea kutoka Kongo anajua kwamba vita ni watu wachache wenye bunduki na watu wengi wenye mizigo. Hakufundishwa. Alikuwa kwenye mstari.

Ndiyo maana nawaomba wale wanaoamua: msiwapige marufuku askari wa udongo. Mkiwaondoa wale saba, wale ishirini na zaidi wa nyuma watakuwa wanakimbia nini? Mtoto atabaki na godoro lisilo na sababu. Kaeni naye chini, mumwombe ataje watu wake mmoja mmoja. Na yule mama aliyesema asipuuzwe. Mstari usipangwe mahali anapopita kwenda kuchota maji, na asiyetaka kuuona asilazimishwe. Hilo linawezekana bila marufuku.

Kwa ndugu yangu wa Gitega nina maombi mawili, na nimeshamwambia ana kwa ana. La kwanza ni kanuni. Kila kikosi cha askari kumi kiwe na wapagazi kumi nyuma yake, hata kama historia inadai mara 17. Kila zamu ya tatu, wapagazi wale au wapungue. Kikosi kisicho na wapagazi kisisogee, hata dadu iseme nini. Na mwisho wa mchezo, kabla ya kutangaza mshindi, wahesabiwe wapagazi waliobaki, kwa sauti. Tulijaribu mara moja, vifuniko vya soda vikiwa badala ya wapagazi. Upande wangu uliingia Kitega bila kupiga risasi hata moja, na vifuniko 19 kati ya 40 vilikuwa vimerudi kwenye sahani. Alitazama sahani ile muda mrefu kuliko alivyotazama askari wake.

La pili ni brashi. Vifuniko vya soda havitoshi. Awapake wapagazi kwa saa mbili zilezile anazompa askari, na shingo zao azipate sawasawa. Kumi wa kwanza nitapaka naye.