Joka la Magunia Arobaini

Rafiki yangu ana duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Moi's Bridge. Chini ya kaunta, pamoja na kitabu cha madeni, huweka daftari la hadithi ya mapenzi. Wapenzi ni watatu, na wote hupanda joka moja. Wiki nzima alikwama kwenye sentensi moja: joka limetua, sasa nani ateremke kwanza? Akaniuliza joka lenyewe lina uzito gani. Nikasema tani tatu, nne hivi. Akaguna, hapa mjini hatupimi kwa tani. Akapiga hesabu pembeni mwa ukurasa: magunia arobaini ya kilo 90, na matandiko yakilowa mvua, arobaini na moja. Kuanzia siku hiyo joka lake likaanza kuacha nyayo kwenye tope.

Ufundi huu wa kuandika majoka hudharauliwa, eti majoka ni ya Wazungu. Lakini Kimnyole arap Turukat, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1890, anakumbukwa kwa kutabiri nyoka mkubwa atakayetoka mashariki akitema moshi na moto. Mwaka 1926 mkia wa nyoka huyo, reli ya tawi kutoka Leseru, ulifika Kitale ukipitia hapa, enzi hizo pakiitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja la mto Nzoia. (Wapandaji wake walikata tikiti.)

Kwa hao Wazungu, mwandishi Anne McCaffrey, kuanzia riwaya yake Dragonflight ya mwaka 1968, alifunga akili ya joka na ya mpandaji wake tangu yai linapopasuka. Majoka yakipandana, wapandaji nao huchukuliwa na ashiki ileile. Hebu hesabu: penzi la wawili tayari lina nafsi nne. Na kwa kuwa katika vitabu vyake majoka ya kijani ni majike na wengi wa wanaoyapanda ni wanaume, mwanamume hujikuta mikononi mwa mwanamume kwa sheria ya ulimwengu ule, bila mwandishi kuhubiri. Kinachonikera ni ridhaa: hakuna anayemuuliza mpandaji. Katika daftari la chini ya kaunta, joka huuliza kwanza.

Rafiki yangu ana kifaa ambacho Kiingereza hakikumpa McCaffrey. "Yeye" hana jinsia. Unaweza kumfuata mpenzi kurasa mia mbili, ukajua kovu la bega lake na namna anavyokoroma, usijue ni mume au mke. Mtego uko kwenye kitenzi: mmoja huoa, mwingine huolewa, siri inafichuka. Akahangaika nacho hadi akakumbuka ndoa ya Kinandi, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake. Si ndoa ya kitandani, ni ya uzao na urithi, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi mwaka 2011. Yeye alichotaka ni kile kitenzi tu: kumbe mwanamke naye huoa. Kisha akakiongezea silabi moja: wameoana. Wawili wameoana, watatu wameoana; sarufi haikuguna.

Nje ya sarufi mambo ni mengine. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kufuta kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kilichorithiwa kutoka kwa mkoloni. Ndiyo maana daftari halikai juu ya kaunta.

Jumamosi nilimkuta amemaliza ile sentensi. Hadithi za ukewenza tulizokulia huendeshwa na wivu, nami nilitarajia atumie wivu: anayeshuka kwanza awe anayependwa zaidi. La. Anashuka aliyeketi nyuma, maana ndiye aliyeshika kamba ya mbuzi, na joka lina njaa. Wa pili anafungua mikanda. Wa tatu anabaki juu, mkono shingoni mwa joka, akiliambia lisile kabla wenzake hawajasogea. Nikamwomba anisomee tena. Mteja akaingia kuulizia dawa ya kupe, daftari likarudi chini.